Mke wa Masasi

Jumamosi ile soko la mitumba la Nachingwea lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Muuzaji alisimama juu ya meza, sauti imemkauka kwa kuita wateja, na chini yake watu wamezamisha mikono kwenye rundo la nguo. Zaina alishaona alichokifuata: koti jeupe la kitabibu, refu, lenye mifuko mikubwa. Akadaka mkono mmoja wa koti, akavuta, halikuja. Mkono wa pili ulikuwa umekamatwa na mwanaume mrefu mwenye shati la kitenge na viatu vilivyong'arishwa kuliko inavyostahili mtu anayekwenda sokoni.

"Kaka, samahani, hili nimeliona mimi kwanza."

"Kuona hakuna risiti, dada. Mimi nimelishika."

"Kwani wewe daktari?"

"Mwalimu."

"Sasa koti la daktari la nini? Kufundishia hesabu?"

"La mchezo wa kuigiza. Daktari wa wanafunzi wangu hawezi kupanda jukwaani na fulana ya mpira."

"Basi mimi ni tabibu wa kweli, nina wagonjwa wa kweli. Niachie."

Mwalimu alimtazama. Gauni la kijani lililomkaa vizuri, mtandio wa rangi ya maziwa umefungwa harakaharaka, na macho yanayouliza swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Akaachia koti.

"Chukua. Ila nimeumia."

"Umeumia wapi?"

"Bado sijajua. Nipe namba, nitakupigia nikishajua."

Zaina hakuwa mtu wa kugawa namba sokoni. Siku hiyo aliigawa, na hata alipofika nyumbani bado alikuwa anajishangaa.

Mwalimu aliitwa Isihaka, mtu wa Kondoa, aliyeletwa na ajira kufundisha sekondari Nachingwea. Zaina alikuwa binti wa wakulima wa ufuta wa Likunja, tabibu katika kituo cha afya Ruangwa. Alikuwa kwenye mafunzo ya juu ya utabibu, yale ambayo mtu anajifunza kwa mabingwa huku anaendelea kuhudumia wagonjwa. Mtihani wa mwisho ulifanyika Nachingwea, na Zaina alishaufeli mara moja. Mikono yake haikuwa na tatizo, wala dawa hakukosea. Mtahini alimwambia wazi: "Binti, unamhukumu mgonjwa kabla hajamaliza kusema." Sasa alikuwa na nafasi moja tu ya kurudia. Akiikosa, mafunzo yamekwisha na miaka yote ile imepotea bure.

Isihaka alijua hayo yote, kwa sababu kila jioni simu iliita.

"Tabibu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umepika nini?"

"Wali na dagaa."

"Dagaa tena? Utaota magamba, mwalimu."

"Njoo basi uniokoe."

"Nije kama nani?"

"Njoo tu, cheo utakikuta huku."

Zaina alicheka mpaka Laurencia, muuguzi aliyepanga naye nyumba, akagonga ukuta. Alimpenda Isihaka. Alipenda hata jinsi alivyokohoa kabla ya kusema jambo la maana.

Mambo yaliharibika wiki moja kabla ya mtihani. Waliongea kidogo, Isihaka akasema ana kikao, wakaagana. Alitia simu mfukoni bila kuikata. Zaina naye alikuwa bado ameishika sikioni, akasikia mlango ukifungwa na kiti kikiburutwa. Kisha akasikia sauti ya mpenzi wake, nyonge, ya mtu mwenye aibu.

"Mke wangu yuko Masasi na watoto wetu wawili. Hajui lolote. Na huyu wa hapa Nachingwea naye hajui kama nina mke. Nisaidie, dada, mambo yasifike mbali."

Sauti ya mwanamke ikauliza, "Huyu wa hapa, mmeonana lini mara ya mwisho?"

Zaina hakusubiri jibu; huyo wa Nachingwea, alijua, ni yeye, maana huko ndiko walikokutana. Alikata simu, akakaa kitandani. Baadaye Isihaka alipopiga, alipokea bila salamu.

"Nani yuko Masasi?"

"Masasi?"

"Isihaka, nakuuliza. Mke na watoto wawili. Nimesikia kwa masikio yangu, hukukata simu."

"Zaina, mimi sina mke. Wallahi sina."

"Uliyekuwa unamtaja ni nani?"

Isihaka alikohoa, lakini lile jambo la maana halikutoka. "Siwezi kukuambia sasa. Nipe mpaka Alhamisi. Alhamisi jioni nitakueleza yote."

"Alhamisi ni siku ya mtihani wangu!"

"Najua."

"Kumbe unanihurumia! Unataka nifanye mtihani kwanza ndiyo unichome moto? Isahau hii namba."

Laurencia alisikiliza kisa chote huku anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo. "Si amesema hana mke? Msubiri hiyo Alhamisi, shoga yangu."

"Asiye na mke anashindwaje kusema aliyekuwa anamtaja ni nani?"

Laurencia akarudi kwenye nywele zake. Zaina naye alikosa usingizi, na kilichomkosesha usingizi zaidi ya uchungu ni udadisi. Huyo mwanamke wa Masasi yukoje? Mweupe? Anajua kupika dagaa? Watoto wamechukua pua ya nani? Alifungua kitabu asome dalili za homa ya ini, akajikuta anamvisha mke wa Masasi kanga, anamvua, anamvisha nyingine. Alimchukia mtu asiyemjua kwa bidii ambayo angeiweka kwenye masomo angekuwa mbali.

Alhamisi ikafika. Watahiniwa waliketi ukumbini, na msimamizi mkuu, Dokta Scholastika, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akawasomea masharti.

"Wagonjwa mtakaowakuta ni watu wenye afya zao, wamefundishwa kuigiza. Kila mmoja ana kisa, na ndani ya kisa kuna jambo analolificha. Kazi yenu ni kumfanya aliseme. Anayekijua kisa kabla ya kuingia anaondolewa. Ukimkuta mtu unayemfahamu, sema kabla hujauliza chochote. Ukinyamaza, umefeli."

Vyumba vitatu vya kwanza Zaina alivimaliza vizuri. Kwenye mlango wa chumba cha nne kulikuwa na karatasi: *Mwanaume, miaka arobaini. Anapata maumivu wakati wa kukojoa. Mke na watoto wawili wako Masasi.*

Akaisoma tena. Masasi? Watoto wawili? Kengele ikalia, akasukuma mlango.

Isihaka alikuwa ameketi kwenye benchi, shati limechanika kola, kandambili za rangi mbili miguuni, rangi ya mvi imepakwa kwenye nywele. Alipomwona Zaina alishtuka, kisha akainamisha kichwa. Pembeni, Dokta Scholastika alikuwa amevaa miwani, kalamu tayari.

Zaina akaelewa yote kwa mpigo. Kikao kilikuwa cha mazoezi. Dada aliyeuliza alikuwa mwalimu wa waigizaji, akijifanya tabibu. Mke wa Masasi hajawahi kuzaliwa. Furaha ilimpanda ghafla hata akataka kucheka na kulia, akauma mdomo.

Hapo ndipo likamjia jambo la pili. Karatasi ya mlangoni haikumtaja mwanamke wa Nachingwea. Hiyo ndiyo siri ya kutafutwa, na Zaina alikuwa nayo mkononi. Angeuliza maswali machache kwa upole, siri itoke, achukue alama zote. Isihaka hangesema kitu. Na akiitaja ile simu, anaweza kuondolewa papo hapo, kwa mara ya mwisho.

"Unaweza kuanza," alisema Dokta Scholastika.

"Dokta, huyu ninamfahamu."

"Unamfahamu vipi? Jirani? Ndugu?"

Zaina alimtazama Isihaka. Wiki nzima alikuwa anamwita mwongo, msaliti, na majina mengine yasiyofaa kutajwa mbele ya watahini.

"Ni mchumba wangu."

Isihaka akainua kichwa.

"Na kuna jingine," Zaina aliendelea kabla ujasiri haujamwishia. "Kisa chake nilikisikia kwenye simu ambayo hakuikata. Najua kuna mwanamke mwingine hapa mjini. Sikujua kama ni mtihani. Nilidhani ana mke kweli, nikamwacha."

Dokta Scholastika alivua miwani. "Ukamwacha kwa ajili ya mke tuliyemtunga sisi?"

"Ndiyo, Dokta."

"Kaeni hapa. Msiongee."

Akatoka. Wawili wale walibaki wakitazamana, halafu wakatazama ukuta, halafu wakatazamana tena. Alikuwa na maneno mengi sana na hakuruhusiwa hata moja.

Mlango ukafunguliwa.

"Mwalimu huyu alitupa jina lako tangu siku ya kwanza," alisema Dokta Scholastika. "Akatuambia wewe ni mchumba wake, asije akapangwa chumba kimoja na wewe. Tukampeleka upande wa pili wa jengo. Leo mwigizaji mwenzake wa upande huu ameamka na homa, tukamhamishia mwalimu huku bila kuangalia. Kosa ni letu, na wewe umesema bila kulazimishwa. Utaingia chumba cha akiba. Ila alama za huruma hapa hakuna."

Chumba cha akiba kilikuwa na mama mmoja wa Nambambo, kichwa kinamuuma. Akaanza na mbuzi waliopotea, akaenda kwa wifi yake, akarudi kwa mbuzi. Mara kadhaa Zaina alifungua mdomo amkatize, akaufunga. Dakika zilikuwa zinakwisha. Akaitikia kwa kichwa tu, "Ehee, mama."

"Na tena mwanangu," mama akashusha sauti, "zile dawa za presha niliziacha tangu Ramadhani. Nyumbani hawajui."

Alasiri majina ya waliofaulu yalisomwa. La Zaina lilikuwemo. Alikimbia nje bila kuaga mtu.

Isihaka alikuwa getini, amerudi kwenye shati lake la kitenge, amenawa uso lakini mvi za bandia bado zimebaki upande mmoja.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Hongera, tabibu." Hakucheka.

"Nisamehe, Isihaka."

"Nimekusamehe. Lakini imeniuma. Kila jioni nilishika simu nikueleze. Ningekueleza, ungeondolewa mtihani. Nikaona bora uniite mwongo. Ila Zaina, uliaminije kuwa mimi ni mtu wa namna ile, haraka hivyo?"

Alianza kusema yaliyomkaa rohoni wiki nzima, na hayakuwa machache. Zaina alisimama juani akayasikiliza, hata yale yaliyomkera, mpaka Isihaka mwenyewe akaishiwa. Pikipiki zilipita, watahiniwa wenzake wakapita wakipiga vigelegele.

"Umemaliza?" Zaina aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nina langu, ni fupi. Njoo kwetu Likunja. Njoo na wazee wako kutoka Kondoa. Nilichomwambia Dokta sikukisema kwa ajili ya mtihani. Nakipenda hicho cheo, na wewe nakupenda."

Isihaka alijipangusa zile mvi za bandia. Zaina alitamani kumjibia, akajizuia.

Mwalimu akakohoa.

"Baba yako," aliuliza, "anakunywa chai ya rangi au ya maziwa? Nisije nikakosea siku ya kwanza."