Dawati la Peke Yake

Mimi ni fundi viatu. Mchana nashona soli, jioni napika. Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita, akaniachia binti mmoja.

Siku moja nilipita shuleni kwake. Kupitia dirisha nikamwona anachungulia daftari la mwenzake. Nikawaka! Kwa kosa hilo mimi nilichapwa utotoni. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Mtenge. Sikulea mwizi." Akakubali palepale. Wakubwa ndivyo walivyo: ukiwapunguzia kazi, hawakuulizi kitu.

Binti akakaa dawati la peke yake, kando ya ukuta, mwaka mzima. Hesabu za kugawanya zikamshinda. Akaambiwa arudie darasa. Akalia, "Baba, mimi mjinga. Nitafutie kazi."

Jirani yetu, mama fundi cherehani, alikuwa shoga yake marehemu mke wangu. Hufundisha wasichana watano barazani kwake. "Mlete kwangu likizo hii," alisema.

Siku ya tatu binti alishona tundu la kifungo, safi kabisa.

"Shemeji, umemfundisha vizuri."

"Mimi? Sijamfundisha tundu hata moja. Alimtazama mwenzake. Mwenzake alikosea, akafumua, akarudia. Mwanao akaona kosa lilipo, akajaribu mwenyewe."

"Si ndiyo kuiba huko?"

"Kunakili jibu bila kuelewa, hapo hujifunzi. Kutazama mwenzako anavyofanya, kisha ukajaribu, huko ni kusoma. Kwani wewe soli ulifundishwa na nani?"

Ikabidi nimwambie ukweli. Bosi wangu alijua kufoka tu. Kazi niliijua kwa kukodolea macho mikono ya mwenzangu wa benchi.

"Kumbe mwizi mwenyewe ni wewe!" Akacheka. Mimi sikucheka.

Shule zilipofunguliwa nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akaguna, "Si wewe uliyetaka atengwe?"

Sasa binti anakaa na wenzake wanne. Mmoja hufanya hesabu kwa sauti, wengine wanatazama, kisha kila mtu anafanya yake. Juzi aligawanya themanini na nne kwa sita mbele yangu. Kumi na nne! Habari za kazi hazitaji tena. Ila rafiki zake wa zamani wako darasa la mbele.

Mwalimu mkuu bado namlaumu. Lakini mke wangu alishaniambia akiwa kitandani hospitalini, "Huyu ukimweka peke yake atanyauka. Mwache na wenzake."

Nikamjibu, "Nimesikia."