Nyamizi na Namba ya Cheni

Haya wajukuu, kitendawili! Wanangu zaidi ya mia wameshikana mikono. Mmoja akiachia, safari ya wote imekwisha. Usiniambie ni treni, treni gani ya Mpanda ina mabehewa mia? Ni cheni ya pikipiki. Na kama hukujua, ungenipa mji tu, nami ningekutajia jibu, wala hakuna ambaye angekucheka.

Sasa huyo Nyamizi wa darasa la sita, kutoa mji hakutaka kabisa. Yeye kila jambo analijua.

Jumamosi moja, mwaka wa tisini na nne, alifagia kibanda cha baba yake, fundi Telesphor, pale Nsemulwa. Akapanga spana, akajaza maji kwenye beseni la kutafutia pancha. Kisha akaoga na kuvaa gauni lake jeupe la kwaya, maana saa nne kulikuwa na mazoezi kanisani. Rafiki yake Emelyne alikuwa amekuja kumpitia.

Kabla hawajatoka, nesi Capitoline akaingia akisukuma pikipiki, jasho linamtiririka. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga sanduku la barafu lenye chanjo.

"Fundi, cheni imekatika tena! Kina mama wa Kasekese wananisubiri na watoto wao, wengine wametembea tangu alfajiri. Barafu hii ikiyeyuka, chanjo zote ni za kumwaga."

"Pole, nesi. Lete nigonge."

"Ugonge na nini? Msumari? Wiki iliyopita uligonga kwa msumari, ikaniachia porini, nikasukuma mpaka viatu vikakatika. Leo sitaki msumari!"

Baba Telesphor akajikuna kichwa. Baiskeli alizijua kama vidole vyake, lakini pikipiki zilikuwa zimeanza kumjia juzi juzi tu. Pingili mpya ya kuungia alikuwa nayo. Kifaa hakuwa nacho.

"Nyamizi," akasema, "kimbia kwa Mzee Melkiadi sokoni. Mwambie nataka kifaa cha kutolea pini za cheni, na kiwe na sehemu ya kugongea pini mpya. Ila cheni hazilingani unene. Futa kwanza hapo ubavuni usome namba."

Akainama kufungua gurudumu. Nyamizi akaitazama ile cheni. Grisi nyeusi kama masizi ya sufuria, juu yake vumbi jekundu la njia nzima. Akalitazama gauni lake jeupe.

"Cheni ni cheni," akamnong'oneza Emelyne. "Twende."

Dukani, Mzee Melkiadi alikuwa akipanga vipuri vilivyokuja na treni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti fundi. Leo spoku au valvu?"

Nyamizi akaeleza, safari hii ni pikipiki. Mzee akaweka mezani maboksi mawili. "Hiki ni cha cheni nyembamba, hiki cha cheni nene. Cheni yenu namba ngapi?"

Nyamizi akageuza boksi moja, akageuza la pili.

"Eh!" Emelyne akacheka. "Leo fundi wetu hajui!"

Macho ya Nyamizi yakaangukia boksi lililokuwa karibu, lile kubwa lenye kifaa kinachong'aa. "Mia tano ishirini," akasema haraka.

"Una uhakika?"

"Babu, mimi si mtoto wa fundi?"

Wakarudi. Baba Telesphor akafunga kifaa kwenye cheni, akazungusha mpini wake. Kikagoma. Akazungusha tena, akiuma meno. *Tak!* Kijiti cha kusukumia pini kikapinda, kwa sababu kilikuwa kinene kuliko tundu.

"Mungu wangu!" nesi akasema. Akafunua sanduku, akatia mkono. "Barafu imeanza kuwa maji."

"Nyamizi, namba uliisoma?"

"Niliisoma, baba."

"Basi Melkiadi amekosea. Rudisha, umwambie akupe sawasawa!"

Akarudi mbio, jua limeshapanda. Emelyne alikuwa ameshaenda zake kwaya. Mzee Melkiadi alipokiona kifaa, akavua miwani.

"Kimepinda! Nyie watoto nyie! Mnataka nife kwa presha? Nani alikuambia mia tano ishirini?"

Nyamizi akaanza kukifuta kifaa kwa kidole.

"Nakuuliza, nani? Mimi nilisema? Baba yako alisema?"

Mzee akasukuma maboksi pembeni. "Sikupi kitu. Mgonjwa hupelekwa hospitali mwenyewe, hatumwi jirani kumwelezea. Niletee pingili moja ya hiyo cheni, niione kwa macho yangu."

Nyamizi akarudi tena, kisigino kinamuuma. Hakumtazama baba yake usoni. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akapiga magoti, akasugua. Grisi ikamrukia kifuani, ikashuka mpaka kwenye pindo la gauni. Hakuacha. Namba zikajitokeza moja moja: mia nne ishirini na nane. Akaokota pingili iliyovunjika, akaifunga kwenye karatasi, akakimbia.

Safari hii Mzee Melkiadi hakuuliza kitu. Aliipima pingili, akajaribu kijiti kwenye tundu lake, kikapita bila kusukumana. Kisha akamwonyesha kichwa kingine cha kifaa, kile cha kutanua ncha ya pini ili isichomoke. Kifaa chenyewe kilikuwa kimefifia, hakina mng'ao wowote.

Saa sita kasoro, cheni ilikuwa imeungwa. Baba Telesphor aliivuta, akaipinda, akaipapasa ile pini. Haikutikisika. Nesi akafunua sanduku mara ya mwisho. Vipande vya barafu vilikuwa bado vinaelea.

"Zitafika," akasema, akashusha pumzi. Alikuwa ameona grisi ikifutwa safari hii tu, akamgeukia Nyamizi. "Mwanangu, mimi nina cheti cha uuguzi, na kila siku nasoma chupa kabla ya kuchoma sindano. Nisipojua, namuuliza daktari. Asiyejua akisema hajui, anachelewa dakika moja. Akijifanya anajua, anawachelewesha watoto wa kijiji kizima."

Akapiga stata, akaondoka, vumbi likatimka nyuma yake.

Baba Telesphor akafuta mikono yake taratibu. Alilitazama gauni la kwaya lililochafuka, kisha akamtazama aliyelivaa.

"Melkiadi ameniletea salamu kwa mpita njia," akasema. "Anasema alikuuliza swali, hukumjibu. Nani alikuambia mia tano ishirini?"

Nyamizi akalishika pindo lenye grisi.

"Hakuna mtu, baba. Niliisoma kwenye boksi. Cheni sikuifuta, nikaona aibu kusema sijui."