Washa Bado

Mume wangu amekatwa mguu kwa sababu ya neno moja, na neno hilo nililipeleka mimi.

Nina miaka thelathini na miwili. Nimezaliwa hapa hapa Kariakoo, na nyumba ninayoishi ndiyo niliyoingia nikiwa bibi harusi. Sitafuti huruma, wasomaji wenzangu. Nimechoka tu kuwa na jambo hili peke yangu...

Salumu, mume wangu, alikuwa dereva wa mpima ardhi. Motokaa yake ilikuwa ya bodi ya mbao na magurudumu marefu, iliyozoea kwenda porini kusiko na barabara. Ilirudi kutoka Rufiji ikivuja grisi kwenye gurudumu la mbele. Akaipeleka kwa kaka yangu Hamisi, fundi, anayefanya kazi nyuma ya nyumba ya mama, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Asubuhi hiyo nilikwenda kumpelekea mama maandazi. Nilimkuta Hamisi amechuchumaa, mikono myeusi. Akanionyesha sili ya zamani, ile pete ya ngozi inayozuia grisi isitoke na mchanga usiingie. Ilikuwa imeliwa mpaka imekuwa kama kitambaa cha kudekia. Mpya ilikwisha kaa mahali pake. Lakini jeki ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alikuwa anaidai, kwa hiyo Hamisi alirudisha gurudumu, akafunga nati kwa mkono, akafunika, akaishusha motokaa chini.

Ukiitazama, ungesema imekwisha.

Kilichokuwa kimebaki nilikuja kukijua baadaye. Ni kibati chembamba chenye masikio, yanayokunjwa juu ya nati ili isijifungue. Mafundi hukiita washa. Mimi siku ile sikujua kama duniani kuna kitu chenye jina hilo! Kwangu washa ni kuwasha: jiko, taa, motokaa.

Hamisi akaibeba jeki begani. Jirani, fundi mabati, alikuwa anagonga ndoo. Kaka yangu akageuka, akaniambia nimwambie shemeji yake... Nini?

Mimi nilisikia, "Mwambie, washa."

Nikarudi nyumbani. Salumu alikuwa anamalizia uji, ameshavaa kofia.

"Kaka yako anatengeneza motokaa au anaichumbia?" akaniuliza.

"Amesema washa," nikamjibu.

Akacheka, akaenda kuichukua motokaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya mwisho kabla ya hospitali.

Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko wa Pugu. Motokaa ililala ubavu na mguu wa Salumu ukabaki chini yake. Mpima ardhi alitoka na michubuko. Waliokwenda kuivuta walikuta sili mpya, safi. Nati haikuwapo, wala washa. Washa mpya ilikuwa mfukoni mwa Hamisi, ambaye alikuwa amerudi kutoka dukani kuinunua akakuta kiwanja kitupu.

Nilidhani kaka yangu atakuja kwangu kwanza. Tumenyonya ziwa moja! Hakuja. Alikwenda kwa mpima ardhi akasema alituma ujumbe kamili, "washa bado", na dada yake akala neno la pili. Mimi nilizipata habari hizo bombani, nikiwa na ndoo kichwani, kwa mwanamke aliyenipisha akisema, "Mpisheni Mama Bado." Wote wakaangua kicheko. Jina hilo ninalo mpaka leo.

Tulikutanishwa kwa mama. Hamisi aliapa. Nami niliapa. Salumu alikaa kwenye mkeka, gongo lake la kutembelea pembeni, akitutazama kwa zamu.

Mama akanivuta jikoni. "Sema ulisahau, mwanangu. Kusahau si dhambi. Huyu kaka yako akiharibikiwa jina, nani atampa kazi? Tutakula nini?"

"Sikusahau, mama."

"Najua. Sema tu, yaishe."

Je, wewe ungesema? Neno moja tu, na nyumba ya mama itulie... Nilirudi mkekani nikasema nilichosikia. Tangu siku hiyo mama ananiitikia salamu akiwa ametazama pembeni.

Nilimwendea hata fundi mabati. Nikamwuliza kama wakati ule alikuwa anagonga, labda nyundo ndiyo iliyolimeza neno.

"Mama, siku gani mimi sigongi?" akaniuliza, akaendelea kugonga.

Basi. Sasa nakaanga vitumbua mlangoni, na Salumu huhesabu wapita njia. Madereva wenzake mume wangu, nawasihi: msiwashe motokaa kwa maneno ya kuletewa. Fungua kifuniko, tia kidole, uiguse nati mwenyewe. Na wewe dada unayetumwa, lirudie neno mbele ya aliyekutuma mpaka akubali. Usione haya. Mimi niliona haya kumpigia kelele kaka yangu njiani, na tazama nilipo.

Salumu hajaniacha. Hajanigombeza hata mara moja. Ila giza likiingia na akitaka taa, husema, "Itie moto." Lile neno jingine halijatoka kinywani mwake ndani ya nyumba hii tangu siku ile. Nami sijathubutu kumwuliza anamwamini nani kati yetu, na yeye hajasema.