Sauti ya Awino Handakini

Haya yalimpata Awino, rafiki yetu anayefanya kazi za ndani mtaa wa Malaz, Riyadh, naye huyasimulia kwa mpangilio uleule kila mara. Mabosi wake walikuwa Italia, wakizuru miji ya vilimani na sherehe za mavuno ya zabibu. Asubuhi moja aliingia stoo kupanga mchele, akasahau kuuzuia mlango kwa gunia. Mlango ule hufunguliwa kwa nje tu. Ukajifunga, na taa ikazimika. Akagonga mara tatu, akaita kwa mazoea, "Madam, nifungulie," ingawa nyumba ilikuwa tupu.

Simu ikatetema mfukoni. Madam alikuwa ametuma video yenye ujumbe: "Awino, hili ni handaki la kuhifadhia mvinyo. Nyuma ya ule mlango kuna mtu anagonga, lakini mwenye shamba la zabibu anasema mafi mtu, hakuna mtu."

Akaifungua. Ndani ya video, maji yalidondoka gizani. Kisha mlango ukagongwa mara tatu, na sauti yake mwenyewe ikasema kwa Kiswahili, "Madam, nifungulie." Halafu ikaongeza maneno ambayo yeye hakuwa ameyatamka: "Simu yangu imeisha chaji."

Skrini ikazimika. Awino akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na nyuma ya magunia ya mchele sauti yake ikaendelea kuita.