Sangara wa Marehemu Byarugaba

Kila asubuhi Anatolia alikwenda mwaloni, ufukweni pale boti za wavuvi zinapofikia. Hakwenda kununua samaki, maana boti ilikuwa ya nyumbani kwake. Hakwenda kuvua wala kupima. Kazi hizo alizifanya shemeji yake Gozbert, nahodha wa boti. Anatolia alikwenda kusikia jina.

Mwalo huo uko wilayani Muleba, chini ya mteremko wa migomba. Boti zikifika, sangara hulazwa juu ya turubai. Kisha karani wa mizani humwita mwenye chombo. Karani huyo, Audax, ana sauti ambayo ingemfaa mhubiri.

"Byarugaba!" aliita.

"Yupo!" alijibu Anatolia.

Hakuwepo. Byarugaba, mume wake, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma kwa ugonjwa wa figo. Watu wote pale walijua. Audax mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Lakini boti ilisajiliwa kwa jina la Byarugaba. Leseni ya uvuvi nayo ilikuwa ya Byarugaba, na muda wake ulikwisha zamani. Vinywa vilikuwa vimezoea, na mkono wa Audax ulikuwa umezoea pia. Kila siku aliandika kwenye fomu: Mwenye chombo, Byarugaba. Gozbert akaweka saini ya kaka yake, akaipinda mkia kama kaka yake alivyoupinda.

Wao hawakuona ubaya. Ni jina tu, walisema. Na kwa Anatolia lilikuwa zaidi ya jina. Likiitwa, alimwona mume wake akipanda kutoka majini, suruali imekunjwa, akilalamika kwamba chai imepoa. Alimwona kwa sekunde moja tu. Baada ya hapo ilibaki siku nzima ya kumkosa. Hata ndizi aliendelea kuzimenya kwa hesabu ya zamani, ya watu wawili, kisha akakaa anaitazama sufuria.

Jumanne moja Faruku alifika na gari la barafu. Faruku ni kijana wa Bukoba mjini, mcheshi, wakala wa kiwanda kinachokata minofu ya sangara na kuipeleka ng'ambo. Siku zote alichukua fomu, akatia kwenye mfuko, akaondoka. Siku hiyo alizisoma moja moja.

"Mama, naomba kuzungumza na huyu Byarugaba," alisema.

"Zungumza na mimi," alijibu Anatolia.

"Kiwanda kina ukaguzi. Wanataka kila mwenye chombo apatikane. Nipe basi namba yake ya simu."

Audax akaanza kufuta mizani iliyokuwa safi.

"Kaka alifariki," Gozbert alisema mwishowe.

"Pole. Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hawa sangara wamevuliwa lini?"

"Leo."

Faruku alifunga kalamu yake. "Mama, nisamehe. Siwezi kuwachukua. Marehemu havui samaki."

Gari likaondoka bila mzigo wao. Sangara wanono, wa kupanda ndege, wakaishia kwenye vichanja vya moshi vya akina mama wa jirani. Wavuvi watatu wa boti ile walisimama wakimtazama Anatolia.

"Shemeji, kesho tunaingia ziwani?" Gozbert aliuliza.

"Ingieni. Mtauza kwa wengine."

"Wengine nao wanapeleka kiwandani. Ni lazima tubadilishe jina."

Anatolia aliwaka. "Jina halitoki! Simfuti mume wangu kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambao hata kula kichwa cha samaki hawajui!"

Gozbert hakubishana. Mwenye uchungu habishaniwi. Alipanda pikipiki, akaenda kumtafuta Bi Salma, afisa uvuvi. Salma ni mzaliwa wa Kibeta, mjini Bukoba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi huko pwani, kisha akarudi kwao Kagera.

Kesho yake, baada ya saa tisa, Salma alibisha hodi nyumbani kwa Anatolia, akiwa na Gozbert.

"Nyegera waitu," Anatolia alimkaribisha, ingawa uso haukukaribisha sana.

Salma alikaa. Begi lake la karatasi aliliweka chini, hakulifungua.

"Mama Rwekaza," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "mimi sikumkuta mzee. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Anatolia hakutegemea swali hilo. Watu walikuwa wameacha kumuuliza. Alieleza kwa kifupi, kisha kwa kirefu. Byarugaba alikuwa na fimbo ya kupimia. Sangara akiwa chini ya sentimita hamsini, alimrudisha ziwani, hata vijana wakinung'unika. Alikuwa mbishi. Alikoroma. Hakupenda uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba ameshiba.

"Sasa nieleze na wewe," Anatolia alisema. "Hizo karatasi zina faida gani? Samaki anakula karatasi?"

Salma alicheka. "Huko pwani kuna jodari, na kuna samaki-upanga."

"Upanga?" Gozbert aliuliza.

"Ana pua ndefu kama upanga."

"Asije kwenye nyavu zangu huyo!"

"Samaki hao wakivuliwa na kupelekwa nchi nyingine, hati husafiri pamoja nao. Hati inasema ni meli gani imewavua, ni ya nchi gani, ni sehemu gani ya bahari, ni lini, kwa zana gani, na kilo ngapi. Afisa wa serikali anathibitisha. Hati ikikosekana, au ikisema uongo, mzigo unazuiwa."

"Kwa nini wasumbuke hivyo?" Anatolia aliuliza.

"Kwa sababu samaki akishakatwa minofu hana uso, mama. Minofu ya mvuvi haramu na minofu ya mvuvi halali inafanana. Ukiichanganya, huwezi kuijua tena. Kinachoitenga ni kumbukumbu. Na bahari isipohesabiwa, siku moja unaamka haina kitu."

"Hizo ni habari za bahari. Sisi tuna ziwa."

"Fomu ni tofauti, lakini maswali ni yaleyale. Nani amevua? Kwa chombo gani? Wapi na lini? Kiwanda hakipeleki sangara nje bila cheti cha afya. Ili kipate cheti, lazima kionyeshe samaki wametoka wapi. Mnunuzi akiona kasoro, anarudi nyuma hatua kwa hatua. Kutoka kiwandani mpaka kwenye gari. Kutoka kwenye gari mpaka mwaloni. Kutoka mwaloni mpaka kwa mwenye boti. Anataka kumuuliza: barafu uliweka saa ngapi? Ulivua kwa zana gani? Sasa niambieni ninyi. Akizifuata karatasi zenu, atafika wapi?"

Gozbert alitazama chini.

"Kaburini," Anatolia alisema.

"Ndiyo, mama. Na saini ile ya kuiga, Bwana Gozbert, ni kosa la jinai. Leo ingekuwa polisi, si mimi."

Gozbert akauficha mkono wa kulia chini ya meza, kana kwamba ndio tu uliokosea.

Anatolia alianza kulia. Alilia bila kujificha. "Mwanangu Salma, jina lake haliitwi tena popote. Kanisani halisomwi. Rwekaza yuko shule Bukoba, akirudi hataki tumtaje baba yake. Ni pale kwenye mizani tu. Nikiacha kulisikia, nitabaki na nini?"

Salma alisogeza kiti chake karibu naye.

"Sijui, mama," alisema. "Hilo sina fomu yake. Ninachojua ni kwamba mzee hakupenda uongo. Na ninyi kila siku mnamwandika amevua samaki ambao hakuwavua."

Anatolia alijifuta macho kwa kanga. Kisha akacheka kidogo, huku bado analia. "Angekuwa hai angetufokea mpaka majirani waje."

Ndipo Salma alipofungua begi. Alieleza njia yote polepole, na Gozbert akaandika. Kwanza, cheti cha kifo. Pili, kikao cha ukoo na muhtasari wake. Tatu, Mahakama ya Mwanzo, ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Nne, barua ya mahakama ipelekwe ofisi ya uvuvi ya halmashauri, pamoja na maombi ya kubadilisha usajili wa chombo. Tano, leseni mpya kwa jina la mwenye chombo aliye hai.

"Leseni hairithiwi kama kibanja cha migomba," Salma alisisitiza. "Inaombwa upya, na muda wake ukiisha unaiomba tena. Na mpaka mpate hizo, boti isiingie ziwani."

Boti ikavutwa nchi kavu.

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumamosi. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa. Mzee Mushumbusi, mkubwa wa ukoo, alisafisha koo.

"Boti ni mali ya wanaume," alisema. "Iandikwe Gozbert."

Macho yote yalimgeukia Gozbert. Angeweza kukubali. Boti si kitu kidogo.

"Baba mkubwa," Gozbert alisema, "boti hii waliinunua wawili. Shemeji aliuza kahawa yake misimu miwili, mimi nilikuwepo. Tumeshaandika uongo miaka miwili. Mimi sitaandika mwingine."

Mzee alitafuna kahawa yake muda mrefu. Kisha akamwambia katibu aandike Anatolia.

Safari ya mahakamani, mjini Muleba, ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Karani alikuwa mpole, lakini maswali yake yalikuwa ya karani.

"Mume wako yuko wapi?"

Anatolia alikuwa na cheti cha kifo mkononi. Angeweza kukitoa tu. Lakini karani alisubiri jibu la mdomo.

"Amekufa," Anatolia alisema.

Lilikuwa neno ambalo alikuwa hajalitamka kamwe. Wengine walilitamka kwa niaba yake, msibani, kanisani, sokoni. Akashika ukingo wa meza. Karani akamvutia kiti.

Tangazo la mahakama lilibandikwa, siku zikapita, hakuna aliyepinga. Barua ikatoka. Salma na wenzake wakaja kukagua boti na zana. Namba ya usajili ikapakwa rangi upya. Leseni ikatoka ikiwa na jina la Anatolia. Aliisoma mara tatu, na kila mara alihisi kama amekaa kwenye kiti cha mtu.

Asubuhi boti iliporudi kazini, Audax alivuta pumzi.

"Anatolia!"

"Nipo," alijibu.

Iliuma. Nisikudanganye, msomaji, iliuma sana, na kesho yake iliuma tena. Lakini Gozbert aliandika jina lake mwenyewe kama nahodha, akaweka saini yake mwenyewe, mbaya kweli. Aliandika eneo walilovua, saa walizotia barafu, na kilo. Faruku alisoma, akatikisa kichwa kukubali, akapakia sangara wote. Wiki hiyohiyo wenye boti wanne walimfuata Audax kwa aibu. Mmoja boti yake bado ilikuwa na jina la mtu aliyemuuzia. Audax akawapa namba ya Salma, na fomu zake akaanza kuzijaza kwa kuuliza, si kwa mazoea.

Mwezi mmoja baadaye simu iliita. Anatolia alikuwa anamenya ndizi, za mtu mmoja.

"Shikamoo mama. Naitwa Benigna, napiga kutoka kiwandani. Tuna swali kuhusu samaki wenu wa Alhamisi. Wewe ndiye mwenye chombo?"

"Marahaba. Ndiyo, ni mimi."

"Samahani, kwenye kumbukumbu zetu za nyuma naona jina Byarugaba. Huyo ni nani?"

Anatolia aliweka kisu chini.

"Alikuwa mume wangu. Amekufa. Nilimpenda sana, na namkumbuka kila siku."

Benigna alishusha sauti.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Nakala ya fomu ninayo hapa. Haya, uliza habari za samaki."