Mwombolezaji wa Nane

Droo ilikuwa wazi, ufunguo ungali kwenye tundu lake, na diski haikuwepo.

Inspekta, mwanamke ambaye kituo kizima kilimwita Rula kwa kuwa hakuwahi kupinda, aliinama akachungulia. Kwenye vumbi palibaki mstatili safi, saizi ya kiganja. Chumba cha uhariri kilikuwa kimya kama ukumbi wa mtihani kabla ya karatasi kugawiwa.

"Leo saa kumi jioni nchi nzima inakaa mbele ya televisheni!" mtayarishaji wa filamu alisema, jasho likimtoka. "'Chiriku: Yatima Aliyeimba.' Maisha halisi ya mwanamuziki mkubwa kuliko wote. Na sasa imeibwa!"

"Nakala nyingine?"

"Niliamuru zifutwe zote, zisije zikavuja."

"Ufunguo hukaa wapi?"

Mhariri, mtu mwenye macho mekundu ya kukesha, alionyesha msumari ukutani. Juu yake kulibandikwa karatasi: UFUNGUO WA DROO. USIGUSE.

Inspekta aliitazama karatasi hiyo kwa heshima zote zinazostahili.

"Andika kesi," mtayarishaji alifoka. "Nataka jalada, nataka mihuri, nataka sheria ifuate mkondo wake, hata kama mwizi ni shangazi yangu!"

"Nikishafungua jalada, hakuna utaratibu utakaorukwa. Una hakika?"

"Andika!"

Aliandika. Saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Mtaalamu wa alama za vidole alipata alama ya dole gumba moja kwenye ufunguo. Si la mfanyakazi yeyote. "Limejaa vikovu vidogo vidogo," alisema. "Kama la mtu aliyechomwa na sindano miaka ishirini."

"Nani aliingia hapa jana jioni?" Inspekta aliuliza.

"Sisi tu," mhariri alijibu. "Na waombolezaji."

"Waombolezaji?"

Mtayarishaji alipatwa na kikohozi cha ghafla. Mpambaji, dada aliyewapaka waigizaji rangi, ndiye aliyejibu.

"Wanawake wanane wa mtaa wa nyuma, afande. Tuliwakodi jana asubuhi walie makaburini. Niligawa mitandio myeusi minane, jioni ikarudi saba."

Alitoa simu yake yenye picha za mavazi. Wanawake saba walikuwa wakilia kwa bidii. Wa nane alikuwa amesimama wima, akiutazama msalaba.

"Huyu aligoma. Nikampaka kitunguu, macho makavu! Nikamwambia, mama, lia basi. Akaniuliza, 'Nimlilie nani?'"

Inspekta aliikuza picha. Msalaba uliandikwa: MAMA CHIRIKU.

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Kibanda cha kona."

Inspekta alitoka mbio. Kofia ilimdondoka getini akairudia, maana afisa bila kofia ni raia anayekimbia tu.

Kibandani, mama wa makamo alikuwa akishona pazia. Diski ilikuwa mezani, imefungwa ndani ya mtandio mweusi, ikikandamiza karatasi za vipimo.

"Mmechelewa," alisema. "Viti nimewatengea tangu asubuhi."

"Wewe ni nani?"

"Marehemu."

Inspekta alifungua daftari. "Una haki ya kukaa kimya."

"Marehemu wote wanayo, mwanangu. Mimi ya kwangu naiacha." Alisimamisha cherehani. "Niliitwa kulia, kazi ni kazi. Nafika, nasoma msalaba, ni mimi. Nikajua ni utani wa watu wa sinema. Jioni narudisha mtandio, napita koridoni, namsikia mwanangu kwenye mashine. 'Mama alikufa ghafla, nikalia siku mbili.' Sauti yake mwenyewe! Wanizike watu baki, nitacheka. Lakini yeye?"

"Hukumpigia simu?"

"Nimwambie nini? Pole kwa msiba?" Alikata uzi kwa meno. "Mhariri aliifungia diski kwenye droo, akatoka kunawa. Nikaichukua. Nchi nzima ikishanizika, nani atanifukua?"

Saa tisa alasiri wote walikuwa kituoni. Inspekta aliweka diski mbele ya mhariri.

"Lazima tuhakikishe ndiyo yenyewe. Fungua mahojiano ya Chiriku kabla hujayakata."

"Usifungue!" mtayarishaji aliruka.

"Mkondo wa sheria, bwana. Wewe ndiye uliyeutaka."

Chiriku alitokea kwenye kioo, anacheka. "Jogoo wa mama alikufa ghafla, nikalia siku mbili. Mama akaniambia nyamaza, kwani huyo ndiye aliyekuzaa?"

"Yule jogoo!" mama alipiga kelele. "Mkorofi yule, alimdonoa hadi mwalimu mkuu!" Akacheka, kisha akaficha uso kwenye mtandio, akalia bila kitunguu.

Inspekta alimgeukia mhariri. "Umemkata jogoo."

"Bosi aliniagiza."

"Sawa!" mtayarishaji alilipuka. "Mama mzima anayeshona mapazia, nani atamtazama? Watu wanataka yatima! Kwenye filamu nilianza kwa kumvua Chiriku viatu tu. Halafu viatu vikataka nyumba iungue, nyumba ikataka kaburi." Alitazama saa. Tisa na dakika hamsini. "Nipe diski yangu."

Inspekta aliitia kwenye bahasha, akadondosha lakiri, akagonga muhuri. "Kielelezo namba moja. Haitoki mpaka hakimu aione. Mtandio wa mama ni namba mbili."

"Basi naifuta kesi!"

"Rahisi kabisa. Andika maelezo mapya, eleza kilichomo humu, saini kwamba yote ni kweli tupu."

Mtayarishaji alishika kalamu. Aliishika mpaka saa kumi ikagonga. Kwenye televisheni ya kaunta, badala ya Chiriku, kilianza kipindi cha marudio kuhusu ufugaji wa kuku.

Ndipo Chiriku mwenyewe, aliyepigiwa simu na Inspekta, akaingia mbio kumdhamini mtuhumiwa. Mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili.

Inspekta alifungua fomu kwa uso wa kiserikali. "Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

Chiriku alimtazama mama yake, akatazama televisheni, akamtazama tena mama yake.

"Yatima wake," alisema.

Mama akamchapa begani kwa kielelezo namba mbili.