Skuta ya Shangazi Paskalina

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijapata nguvu juu ya mashamba ya pamba ya Didia, Scolastika alikuwa ameshafagia uwanja, ameshachota maji na ameshawafungulia kuku. Kazi hizo alizifanya haraka haraka, kwa sababu baada yake ilikuja kazi aliyoipenda kuliko zote: kuifuta skuta ya shangazi yake.

Scolastika alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la nne. Wazazi wake walikuwa Geita, ambako baba yake alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Yeye alikaa Didia kwa dada wa baba yake, Paskalina, ili asome. Shangazi Paskalina alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni, na mwaka ule wa 1957, katika vijiji vyote vya pale karibu, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha chombo cha moto.

Skuta yenyewe ilikuwa pikipiki ndogo ya rangi ya kijani, yenye magurudumu mafupi. Mbele ya kiti ilikuwa na sakafu ya bati ya kuwekea miguu, hivyo shangazi aliweza kuipanda na gauni lake jeupe la kazi bila taabu. Alipopita, watoto walitoka mbio hadi barabarani, na wazee waliokuwa wakichunga ng'ombe walisimama wakamwangalia mpaka vumbi lilipotulia.

Lakini Scolastika alimstaajabia shangazi yake kwa jambo lingine zaidi. Misheni ilipomkabidhi skuta ile, hakuipanda siku hiyo. Kwanza alikwenda Shinyanga mjini kwa Herman, fundi wa malori ya pamba, akaomba afundishwe kuifungua na kuifunga. Vijana wa gereji walicheka hadi wakashika mbavu. Paskalina akakunja mikono ya gauni lake. Likizo yake yote aliimalizia pale, mikono imejaa grisi, na siku aliyoondoka, wale vijana ndio waliomsukumia skuta hadi barabarani na kumpungia mikono.

Jumamosi hiyo Scolastika aliifuta skuta kwa bidii kuliko siku zote. Kesho yake wageni wa misheni wangekuja kanisani, naye alitaka waione inang'aa. Alifuta taa ya mbele, akafuta kiti, akapitisha kitambaa katikati ya matundu ya magurudumu. Alipofika chini ya usukani, akaona kitu kilichomuudhi. Waya mmoja mwembamba ulikuwa umening'inia nje, umefungwa utambaa mchafu uliojaa oili.

"Hiki nacho kinafanya nini hapa?" akajisemea.

Akaufungua ule utambaa, akautupa kwenye takataka. Kisha akausukuma waya ndani, nyuma ya bati, akaubana vizuri usionekane tena. Akarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yake. Skuta ilikuwa imependeza.

Hapo hapo akatokea mwanamume akikimbia huku anasukuma baiskeli. Shati lake lilikuwa limeloa jasho. Alikuwa Maduhu, mkulima wa kijiji cha ng'ambo ya mto.

"Mwangaluka, mayo!" alimsalimu kwa Kisukuma shangazi aliyekuwa ametoka mlangoni. "Ni mke wangu, Mageni. Uchungu umemshika tangu jana, na mtoto hatoki. Sasa hata kusema amechoka. Nimekuja na baiskeli, tairi likapasuka njiani."

Shangazi hakuuliza mengi. Aliingia ndani, akatoka na fuko lake la kazi, akalitundika kwenye ndoano ya skuta. Akafungua koki ya petroli, akakanyaga kikanyagio cha kuwashia.

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akakanyaga tena. Haikukohoa hata kidogo.

Maduhu akasogea karibu. "Haiwaki?"

"Itawaka. Nipe nafasi, baba."

Sauti ya shangazi haikubadilika. Alitandika gunia chini, akapiga magoti, akatoa spana kutoka kwenye kisanduku. Wakati akifanya kazi alikuwa akisema kwa sauti ndogo, kama alivyozoea, na Scolastika alipenda sana kumsikiliza.

"Naanza na lililo jepesi. Petroli ipo? Ipo, naisikia ndani ya tangi. Inafika kwenye injini?" Akafungua plagi, akaitazama mdomoni. "Imelowa, na inanuka petroli. Kwa hiyo inafika. Shida si petroli. Tuutafute moto."

Akaifuta plagi kwa kitambaa, akaichomeka kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini. "Kanyaga, Maduhu. Sisi tutazame hapa. Ikiwa nzima, tutaona cheche ya buluu."

Maduhu akakanyaga. Hakukuwa na cheche. Shangazi akatia plagi nyingine, mpya, aliyokuwa akiiweka akiba. Maduhu akakanyaga tena. Giza tupu kwenye ncha ya plagi.

Shangazi akainuka polepole. "Jana jioni nilikuja nayo hapa ikiunguruma vizuri. Scolastika, tangu jana kuna mtu aliyeigusa?"

"Nimeifuta tu, shangazi," Scolastika akajibu.

Hakuwa amesema uongo, lakini hakuwa amesema yote. Mara akaukumbuka ule waya. Akajiambia kwamba waya mwembamba vile hauwezi kuzuia injini nzima. Akajiambia pia kwamba pengine shangazi atalipata tatizo mwenyewe, mahali pengine kabisa, na hapatakuwa na haja ya kusema.

Shangazi alikuwa ameshapiga magoti tena. "Basi limebaki la ndani. Itanibidi nifungue injini, niliondoe gurudumu linalozalisha umeme, nitazame platini, vile vichuma vinavyotoa umeme wa plagi. Hiyo ni kazi ya mpaka mchana." Akamtazama Maduhu. "Baba, kimbia misheni ukaulize kama lori limerudi kutoka Isaka."

"Nimepita hapo. Halijarudi." Maduhu akajikalia mavumbini, mikono kichwani. Mtu mzima yule, Scolastika hakuwa amewahi kumwona mtu mzima akikaa hivyo.

Shangazi aliweka spana kwenye skrubu ya kwanza.

"Shangazi, usifungue!" Scolastika akasema. "Kulikuwa na waya hapo chini ya usukani, umefungwa utambaa. Niliona mchafu. Nimeutupa utambaa, na waya nimeusukuma ndani ya bati. Sikukwambia uliponiuliza. Niliogopa."

Shangazi aliacha spana. Hakupaza sauti, wala hakumkazia macho. "Uliusukuma wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Scolastika akaonyesha. Shangazi akapenyeza vidole nyuma ya bati, akauvuta waya polepole hadi ukatoka. Mahali fulani mpira wake ulikuwa umechubuka, na shaba ya ndani ilionekana iking'aa.

"Huu ndio waya wa kuzimia," akasema. "Nikibonyeza kitufe cha kuzima, waya huu hugusa chuma, na umeme wote wa plagi hupotelea hapo. Umechubuka, ndiyo maana niliufunga utambaa wakati nikisubiri waya mwingine kutoka mjini. Wewe umeugusisha na chuma. Skuta ilidhani nimeizima."

Alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakizungusha pale palipochubuka, akakikaza kwa uzi wa kushonea majeraha. Akarudisha plagi. Akakanyaga mara moja tu, na skuta ikaunguruma hadi kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba.

Maduhu aliruka kama kijana. Scolastika alitaka kulia, lakini shangazi alikuwa ameshapanda.

"Panda nyuma, ushike fuko. Maduhu, utatukuta huko huko."

Walipita kwenye mchanga wa mto, skuta ikiyumba huku na huku na shangazi akishusha mguu mmoja mara kwa mara ili isianguke. Scolastika alishikilia fuko kwa mikono yote.

Nyumbani kwa Maduhu wanawake walikuwa wamejaa uwanjani. Mama yake Maduhu, Bibi Sikujua, alisimama mlangoni na kibuyu mkononi. Shangazi alimsalimu kwa heshima, "Shikamoo, mama," akanawa mikono, akaingia. Scolastika aliachwa nje achochee moto wa kuchemshia maji. Kutoka pale aliweza kuuona mlango na kusikia yaliyosemwa.

"Uchungu ni mkali kupita kiasi, na haupumziki," shangazi alisema alipotoka mlangoni. "Mama, amepewa dawa yoyote?"

"Hapana," Bibi Sikujua akajibu, na macho yake yakaenda pembeni.

Scolastika aliutambua uso ule. Asubuhi hiyo hiyo ulikuwa wake.

"Mama," shangazi akasema kwa upole, "siulizi ili nikugombeze. Wewe umezalisha watoto wengi kijijini hapa kabla mimi sijazaliwa. Nauliza ili nijue nianzie wapi."

Bibi kizee alimtazama mkunga. Kisha akakiinua kile kibuyu. "Mizizi. Nimempa tangu alfajiri, ili mtoto aharakishe. Nilipoona hatoki, nikaongeza."

"Wabeja, mayo," shangazi akamshukuru. "Tusimwongezee tena. Njoo unisaidie, tumlaze ubavu."

Wakaingia wote wawili. Maji yalichemka, yakapelekwa ndani, mengine yakabandikwa. Maduhu alifika na baiskeli yake, akasimama kando ya zizi la ng'ombe. Jua lilikuwa limefika utosini waliposikia wanawake wa ndani wakimhimiza Mageni kwa pamoja, halafu kimya. Scolastika alishika kuni moja mkononi na hakuitia motoni.

Ndipo mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa vibaya, na uwanja wote ukalipuka kwa vigelegele.

Shangazi alipotoka, gauni lake halikuwa jeupe tena. Maduhu akaishika mikono ya mkunga kwa mikono yake yote miwili. Bibi Sikujua alileta uji wa mtama. Alimpa Scolastika kwanza.

Jioni, walipofika Didia, Scolastika hakushuka haraka. "Shangazi, ungefungua injini, mtoto yule..."

"Huenda ningemkuta amekufa, na mama yake pia," shangazi akasema. "Sikufichi, kwa sababu leo wewe nawe hukunificha. Sikiliza, mwanangu. Kuifuta skuta kwa bidii si kosa, nafurahi unaipenda. Kuondoa kitu usichokijua bila kuuliza, hilo ni kosa, na usilirudie. Ila kosa lenyewe lilikuwa dogo. Lingekuwa kubwa kama ungeendelea kunyamaza. Skuta haina mdomo wa kusema nani aliigusa na wapi. Tumbo la mgonjwa nalo halina. Mimi natengeneza kwa mikono, lakini naanza na yale watu wanayonieleza. Wakinieleza nusu, nafanya kazi gizani. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu asubuhi, uliponiambia nisifungue." Shangazi alivua viatu, akakaa chini kwenye lile gunia, akaugeuza usukani ili aone chini yake. "Kuna jambo moja linanisumbua. Hapo nyuma ya bati Herman hakunionyesha. Sikujua kwamba waya unaweza kupita hapo. Njoo unionyeshe vizuri ulivyoupitisha, ili nikifunga waya mpya nisiuweke mahali pa hatari."

Scolastika akapiga magoti kando ya shangazi yake, akaanza kumweleza tangu mwanzo, bila kuruka kitu.